Sampuli ya Mwanafunzi Mwenyewe: Vijiumbe vya Utumbo Katika Darasa la Bayolojia

Mgonjwa aliyemaliza siku saba za antibaiotiki anarudi kliniki akisema kwamba tumbo halijatulia na choo kimekuwa chepesi. Mkononi ameshika kopo la vidonge alilonunua dukani, ambalo maandishi yake yanaahidi kurudisha "bakteria wazuri" tumboni. Anauliza swali moja tu: je, avimeze?

Mhudumu wa afya aliyeulizwa hana budi kujibu, lakini bayolojia aliyofundishwa huenda haikumwandaa kwa swali hilo. Katika masomo yake bakteria walimjia kwanza kama maadui: wa kipindupindu, wa kifua kikuu, wa homa ya matumbo. Wale wanaoishi mwilini siku zote bila kuudhuru walitengewa aya chache mwishoni mwa sura. Kwa hiyo hubaki na njia mbili, kuyaamini maandishi ya kopo au kuyapuuza, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotokana na ushahidi.

Ndiyo maana namna bayolojia inavyofundishwa katika shahada ya kwanza si jambo la walimu peke yao. Katika miaka ya karibuni baadhi ya vyuo vikuu vimeanza kuwashirikisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika utafiti halisi wa vijiumbe vya utumbo, badala ya kuwapa mazoezi ambayo majibu yake yamekwisha kujulikana. Makala haya yanaeleza jinsi utafiti huo unavyofanywa, mfano mmoja wa Marekani ulionyesha nini, na mafunzo ya namna hiyo yana maana gani kwa mhudumu na mgonjwa wa Afrika Mashariki.

Vijiumbe vya mwili

Mwili wa mtu ni makazi ya bakteria, kuvu, virusi na viumbe wengine wadogo wanaokaa kwenye ngozi, kinywani, ukeni na hasa katika utumbo mpana. Jumla ya vijiumbe hivyo, pamoja na jeni zake, huitwa mikrobiomu. Bakteria wa utumbo mpana hula mabaki ya chakula ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyavunja, hutengeneza baadhi ya vitamini, hushiriki katika kuukuza mfumo wa kinga, na hushika nafasi ambayo vimelea wa magonjwa wangeichukua.

Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba bakteria wa mwilini huzidi seli za mtu mara kumi. Uwiano huo ulitokana na makadirio yaliyochapishwa mwaka 1972, ukanukuliwa kutoka kitabu hadi kitabu bila kupimwa upya. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walirudia hesabu kwa makini. Walipata kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38 na seli zake mwenyewe zipatazo trilioni 30, yaani idadi zinazokaribiana. Uzito wa bakteria wote hao ni takriban gramu 200. Kisa hiki kinafaa kuwa somo la kwanza la darasa lolote la mikrobiomu, kwa kuwa kinamwonyesha mwanafunzi kwamba hata maneno yaliyozoeleka vitabuni yanastahili kuulizwa yalitoka wapi.

Bakteria wasioota sahanini hutambuliwaje

Njia ya kale ya kuwajua bakteria ni kuwaotesha kwenye sahani ya maabara. Njia hiyo bado ni nguzo ya uchunguzi hospitalini, lakini bakteria wengi wa utumbo mpana hufa wanapokutana na hewa ya oksijeni, na wengine huhitaji chakula ambacho sahani haina. Sahani huonyesha walioweza kuota, nayo hunyamaza kuhusu waliobaki.

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 1977, pale Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walipolinganisha viumbe kwa kutumia molekuli iliyomo katika ribosomu, kiwanda cha protini cha seli. Kila bakteria ana jeni ya molekuli hiyo, inayojulikana kama 16S. Msomaji anaweza kuilinganisha na kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina. Pindo na mji humwambia mtazamaji kwamba hii ni kanga, lakini maneno ya jina ndiyo yanayoitofautisha na nyingine. Vivyo hivyo, jeni ya 16S ina sehemu zinazofanana kwa bakteria karibu wote, na sehemu zinazotofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine. Sehemu zinazofanana humwezesha mtafiti kuipata jeni yenyewe. Zinazotofautiana humwambia ni ya nani.

Kazi yenyewe ina hatua nne. Sampuli ya kinyesi huchukuliwa na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Vinasaba hutolewa ndani ya seli za bakteria. Kipande cha jeni ya 16S hunakiliwa mara nyingi kwa mashine ya PCR, ileile iliyopata umaarufu wakati wa janga la UVIKO-19. Kisha mpangilio wa vinasaba husomwa kwa mashine maalumu, na kompyuta hupanga na kuhesabu ni jamii zipi zimeonekana na kwa kiasi gani.

Mwanafunzi aliyezipitia hatua hizi kwa mikono yake huujua pia upungufu wake. Matokeo ya kawaida ya 16S hutoa uwiano, si idadi kamili: jamii moja inaweza kuonekana imeongezeka kwa sababu tu nyingine zimepungua. Hayatenganishi bakteria aliye hai na aliyekufa. Mara nyingi huishia kwenye jenasi, wala hayafiki kwenye aina ndogo ambayo ndiyo huamua kama bakteria ni wa kudhuru au la. Tena namna ya kuhifadhi sampuli na kutoa vinasaba inaweza kubadili matokeo. Mambo hayo hayakai vizuri akilini kwa kusomewa tu. Hukaa pale mwanafunzi anapolazimika kuyaeleza kuhusu takwimu zake mwenyewe.

Zoezi lisilo na jibu kitabuni

Mazoezi mengi ya maabara ya mwaka wa kwanza hufanana na mapishi. Mwalimu hutoa maelekezo, mwanafunzi huyafuata, na jibu sahihi linajulikana kabla mlango wa maabara haujafunguliwa. Anayepata jibu tofauti huhesabiwa kuwa amekosea. Mazoezi hayo hufundisha ustadi wa mikono, na haufai kudharauliwa. Lakini hayamfundishi mtu la kufanya pale ambapo hakuna anayelijua jibu, na hiyo ndiyo hali ya sehemu kubwa ya tiba.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, sehemu ya kozi ya maabara ya bayolojia ya mwanzo ilijengwa juu ya swali ambalo watafiti wenyewe walikuwa hawajalijibu: je, nyuzilishe za aina mbalimbali hubadili vipi vijiumbe vya utumbo wa vijana wenye afya, na je, huongeza butireti? Butireti ni moja ya asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, ambazo bakteria huzitengeneza wanapochachusha nyuzilishe. Ni chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana, na husaidia kutuliza uvimbe katika ukuta huo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu vijana 174 wenye afya waliopatikana kupitia kozi hiyo, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 20. Kwa majuma mawili waliongeza kwenye chakula chao cha kawaida kimoja kati ya vitu vinne: wanga sugu wa viazi, wanga sugu wa mahindi, inulini inayotokana na mzizi wa chikori, au wanga wa mahindi unaomeng'enywa kwa urahisi. Wanga sugu ni ule ambao hauvunjwi katika utumbo mwembamba, hivyo hufika utumbo mpana ukiwa mzima na kuwa chakula cha bakteria. Upo katika viazi vibichi, katika ndizi mbichi, katika jamii ya kunde, na kwa kiasi fulani katika viazi au wali uliopikwa kisha ukapoa.

Kundi la nne lilikuwa kundi linganishi. Umuhimu wake humjia mwanafunzi upesi anapojitazama. Katika majuma mawili anaweza kuingia kwenye mitihani, kukosa usingizi, kusafiri kwenda nyumbani na kula chakula tofauti. Bila kundi linganishi, kila badiliko lingesingiziwa nyuzilishe. Kwa sababu hiyohiyo sampuli hazikuchukuliwa siku moja tu: zilichukuliwa siku kadhaa kabla ya kuanza na siku kadhaa wakati wa kutumia, maana utumbo wa mtu yuleyule hubadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Wastani na mtu mmoja

Kwa wastani, wanga sugu wa viazi ndio ulioongeza asidi za mnyororo mfupi kuliko vingine, butireti ikiwa miongoni mwake. Wanga sugu wa mahindi haukufanya hivyo, ingawa kwa jina vyote viwili ni "wanga sugu". Inulini iliongeza bifidobakteria, jamii ambayo mara nyingi hutangazwa kuwa ni ya "bakteria wazuri", lakini ongezeko hilo halikufuatwa na ongezeko la wazi la butireti. Hapo tayari kuna onyo: kuongezeka kwa bakteria fulani si sawa na kupatikana kwa faida inayodhaniwa.

Jambo lenye uzito zaidi lilijitokeza pale wastani ulipowekwa kando na kila mtu akatazamwa peke yake. Hata katika kundi la wanga wa viazi wapo ambao butireti yao ilipanda sana, na wapo ambao haikubadilika. Maelezo mojawapo yamo katika kazi ya ushirika inayofanyika utumboni. Bakteria kama Ruminococcus bromii wana uwezo wa kuivunja punje ngumu ya wanga, lakini hawatengenezi butireti. Wengine, kama Eubacterium rectale, huchukua mabaki ya kazi hiyo na kuyageuza kuwa butireti. Asiye na mvunjaji wa punje anaweza kula wanga sugu bila kupata mazao yake, kama shamba lenye wavunaji wengi ambalo halina mlimaji.

Mwanafunzi ambaye butireti yake haikupanda huuliza kwanza kama amekosea. Swali hilo ndilo lenye thamani kuliko zoezi zima. Inawezekana hana bakteria wanaohitajika. Inawezekana aliruka dozi kadhaa na hakuandika. Inawezekana tofauti za kawaida za siku kwa siku zimelifunika badiliko dogo. Inawezekana pia butireti iliongezeka kweli lakini haikuonekana, kwa kuwa sehemu kubwa ya asidi hizo hufyonzwa na ukuta wa utumbo kabla kinyesi hakijatoka. Kinachopimwa ni masalio. Kuzipanga sababu hizo, kuamua ni ipi inayoweza kupimwa, na kukiri ni ipi haiwezi, ndiko kufikiri kwa kisayansi. Na ndiko anakohitaji mhudumu ambaye mgonjwa wake hakupata nafuu kwa dawa iliyowasaidia wengine.

Wahadzabe na tafsiri ya neno "wazuri"

Anayeishia kwenye matokeo ya Michigan anaweza bado kudhani kwamba bifidobakteria ni alama ya utumbo wenye afya kwa watu wote. Tanzania ina ushahidi unaomzuia asifike huko.

Wahadzabe huishi karibu na Ziwa Eyasi, na baadhi yao bado hupata chakula kwa kuwinda na kukusanya: nyama ya porini, asali, ubuyu, matunda madogo na mizizi yenye nyuzi nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha vijiumbe vya utumbo vya Wahadzabe 27 na vya Waitaliano 16 wa mjini Bologna. Utumbo wa Wahadzabe ulikuwa na mchanganyiko mkubwa zaidi wa jamii za bakteria, lakini bifidobakteria hawakuonekana kwao. Kopo la dukani lingewaambia watu hao wazima kwamba wamepungukiwa, ilhali hapakuwa na dalili kwamba kukosekana huko kuliwadhuru.

Utafiti wa pili, wa mwaka 2017, ulitazama sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 zilizokusanywa katika misimu tofauti. Ulionyesha kwamba baadhi ya jamii za bakteria hupungua hadi kutoonekana wakati wa masika, msimu wa asali na matunda madogo, kisha hurejea kiangazi, nyama inapoliwa kwa wingi. Aliyechukua sampuli masika peke yake angesema bakteria hao hawapo. Kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja wa vijiumbe unaoweza kuitwa wa kawaida bila kuuliza ni wa nani, anakula nini, na ni mwezi gani.

Tafiti hizo hazipaswi kusomwa kana kwamba Wahadzabe ni kumbukumbu ya zamani iliyohifadhiwa. Ni raia wa leo, wenye magonjwa ya kuambukiza na mahitaji ya huduma za afya kama wengine. Tena lipo jambo ambalo mwalimu wa Afrika Mashariki hawezi kulipita: sampuli zilitoka Eyasi, lakini vinasaba vilisomwa katika maabara za Ulaya na Marekani. Njia ya kubadili hali hiyo huanzia katika darasa la shahada ya kwanza, kwa kuwapata vijana wanaoweza kuuliza swali, kukusanya sampuli kwa heshima, na kuichambua takwimu wenyewe.

Ridhaa, faragha na usalama

Kinyesi si jani la mgomba linalochumwa kwa ajili ya zoezi. Kinaweza kufichua maambukizi, dawa anazotumia mtu na mambo ya lishe yake, na ndani yake mna pia vinasaba vya mwenyewe. Aidha, mwanafunzi yuko chini ya mwalimu anayempa alama. "Ndiyo" yake inaweza kuwa ya hofu. Katika utafiti wa Michigan kila mshiriki alitoa ridhaa ya maandishi, na walio chini ya miaka 18 walihitaji ruhusa ya mzazi au mlezi.

Chuo kinachotaka kuanzisha zoezi la namna hii hupaswa kwanza kupata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Ridhaa iombwe na mtu asiyesahihisha mitihani ya wanafunzi hao. Kutoa sampuli kusiwe na alama yoyote, na asiyetaka apewe takwimu za wengine achambue bila kuulizwa sababu. Sampuli zibebe namba badala ya majina. Wanafunzi waelezwe mapema kwamba matokeo si vipimo vya ugonjwa na hayawezi kutumika kuanzisha wala kusimamisha matibabu. Kila sampuli ishughulikiwe kama inayoweza kuambukiza: glovu, koti la maabara, kunawa mikono kwa sabuni, na utupaji wa taka kwa utaratibu uleule wa hospitali.

Masharti haya nayo ni sehemu ya somo. Muuguzi au daktari wa kesho atakayemwomba mgonjwa sampuli atakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyojisikia alipoombwa.

Pasipo na mashine ya kusoma vinasaba

Vyuo vingi havina mashine hiyo, wala fedha za kupeleka sampuli mbali kila mwaka. Hilo halifungi mlango. Takwimu za tafiti nyingi za mikrobiomu zimewekwa katika hifadhi za wazi, na programu za kuzichambua, kama mothur iliyotolewa mwaka 2009, hazilipiwi. Darasa lenye kompyuta chache linaweza kuchukua takwimu zilizokwisha kuchapishwa na kuziuliza swali jipya.

Njia nyingine iko jikoni. Togwa hutengenezwa kwa uji wa mahindi, mtama au ulezi uliotiwa kimea. Vimeng'enya vya kimea huvunja wanga kuwa sukari, na bakteria wa asidi ya laktiki huigeuza sukari kuwa asidi. Katika zoezi la maabara, wanafunzi wanaweza kuandaa uji wenye kimea, uji usio na kimea, na uji wenye kimea uliotiwa kijiko cha togwa ya jana. Kisha hupima uasidi kila baada ya saa chache, huotesha bakteria kwenye sahani, huwatazama kwa hadubini, na kulinganisha makundi hayo matatu. Hapo mwanafunzi hukutana na mambo yaleyale ya Michigan: jamii ya vijiumbe inayobadilika, bakteria wanaotegemeana na kazi ya kimea, kundi linganishi, na vyombo viwili vilivyoandaliwa sawasawa ambavyo hata hivyo havitoi matokeo sawa. Togwa ya maabara hainywewi.

Uhusiano wake na afya ni wa kweli. Tafiti zilizofanyika Tanzania katika miaka ya 1990 ziliona kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa kwa bakteria wa asidi ya laktiki walipatikana na vimelea wa kuharisha kwa nadra zaidi kuliko waliopewa uji usiochachushwa. Hata hivyo, uchachushaji hauchukui nafasi ya kunawa mikono na maji salama, wala hauwezi kutegemewa kuondoa sumukuvu katika nafaka iliyoharibika.

Faida na hatari vikiwa mlango mmoja

Kwa nini mwanafunzi asumbuliwe na tahadhari zote hizi? Historia fupi ya tiba ya kupandikiza kinyesi inatoa jibu. Antibaiotiki zinapoua sehemu kubwa ya vijiumbe vya utumbo, bakteria anayeitwa Clostridioides difficile anaweza kutamalaki na kuleta kuharisha kunakojirudia, ambako wakati mwingine huua. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa kinyesi kilichotayarishwa kutoka kwa watu wenye afya. Kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa dozi ya kwanza na wawili zaidi kwa dozi nyingine. Kati ya 13 waliopewa vankomaisini peke yake, waliopona ni wanne. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri.

Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo. Wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walikuwa wamepata maambukizi ya bakteria sugu kwa dawa kupitia kinyesi cha mtu mmoja aliyekitoa, ambacho hakikuwa kimepimwa kwa usugu huo. Mmoja wao alifariki. Jamii ileile ya vijiumbe iliyowaponya wengine ilibeba kifo kwa sababu swali moja halikuulizwa kabla.

Jibu kwa mgonjwa

Mhudumu aliyefundishwa hivi humjibu vipi mgonjwa mwenye kopo mkononi? Kwanza huuliza kuhusu hatari: je, kuna damu katika choo, homa, maumivu makali ya tumbo, kiu kubwa au mkojo kupungua? Dalili hizo huhitaji uchunguzi mara moja, na hakuna kidonge cha dukani kinachopaswa kuuchelewesha. Kwa kuharisha kwa kawaida, jambo la kwanza ni maji na dawa ya kuongeza maji mwilini.

Kuhusu vidonge vyenyewe, yeye hutenganisha maswali mawili ambayo tangazo huyachanganya. Swali la kwanza ni kama aina fulani za probaiotiki huzuia kuharisha wakati wa kutumia antibaiotiki. Mapitio ya tafiti nyingi kwa watoto yanaonyesha kwamba baadhi hupunguza uwezekano huo. Swali la pili ni kama hurudisha vijiumbe vya asili baada ya dozi kwisha. Utafiti mdogo uliofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kwamba waliotumia mchanganyiko mmoja wa probaiotiki walichelewa kurejea katika hali yao ya mwanzo kuliko wale ambao hawakupewa chochote. "Huzuia kuharisha" na "hurudisha bakteria wako" ni madai tofauti, na ushahidi wa moja si ushahidi wa jingine. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu sana hapaswi kuzitumia bila ushauri wa daktari, kwa kuwa bakteria hai wanaweza kuingia kwenye damu yake.

Kisha humweleza yaliyo mikononi mwake. Asinunue antibaiotiki bila cheti, kwa kuwa kila dozi isiyo ya lazima huvuruga vijiumbe vya utumbo na kuongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Aliyeandikiwa asiache wala asipunguze dozi bila kumuuliza aliyemwandikia. Vyakula vyenye nyuzilishe, kama maharage, mbaazi, mboga za majani, matunda na nafaka isiyokobolewa, vina faida nyingi zinazojulikana, hata kama bado haiwezekani kumwambia mtu mmoja kwa hakika bakteria gani wa utumbo wake watanufaika. Vipimo vya mikrobiomu vinavyouzwa kwa watu wenye afya bado si msingi wa kumwandikia mtu dawa au kumpangia lishe.

Mgonjwa huyo huenda akaondoka na kopo lake bila kulifungua, au akaamua kulijaribu akijua linaloweza na lisiloweza kutarajiwa. Kwa vyovyote, ameondoka akiwa amejibiwa na mtu aliyewahi kuitazama sampuli isiyolingana na wastani, akatafuta sababu kabla ya kutoa hukumu.